Gitaa la Kupewa: Historia ya Zawadi kwa Wapiga Gitaa wa Afrika Mashariki na Kongo

Desturi ya kumpa zawadi mpiga ala ya nyuzi ni kongwe kuliko gitaa lenyewe katika Afrika Mashariki. Miongoni mwa Wajaluo wa pande za Ziwa Viktoria, mpiga nyatiti alialikwa kwenye matanga na sherehe, na wageni walimlipa papo hapo. Aliyetaka kujisifu au kuwasifu jamaa zake alitoa chochote, muziki ukasimama, akasema maneno yake, kisha nyuzi nane zikaendelea pale zilipoachia. Desturi hiyo huitwa pakruok. Pwani nako, kwenye taarabu, msikilizaji aliyeguswa na wimbo alinyanyuka akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu wote. Zawadi hizi zilitolewa hadharani, na aliyetoa alipata jina pamoja na aliyepokea.

Gitaa liliirithi desturi hiyo, lakini likaja na tatizo lake. Nyatiti huchongwa kijijini kwa mti na ngozi. Gitaa lilitoka ng'ambo na likauzwa dukani kwa fedha taslimu, fedha ambazo kijana mwenye kipaji kwa kawaida hakuwa nazo. Hivyo zawadi kubwa kuliko zote kwa mpiga gitaa ikawa gitaa lenyewe. Anayefuatilia muziki wa dansi kuanzia Léopoldville, yaani Kinshasa ya sasa, hadi Dar es Salaam anakutana kila mara na swali la nani alimpa nani gitaa, na kwa masharti gani.

Upande wa magharibi mwa Kongo, gitaa liliingia kwa bandari. Mabaharia wa Kikru kutoka Liberia na vibarua wa Afrika Magharibi waliofika Matadi, hasa wakati wa ujenzi wa reli ya kwenda Léopoldville miaka ya 1890, walikuja na namna zao za kupiga nyuzi kwa vidole. Upande wa Afrika Mashariki, kabla ya Vita Kuu ya Pili, gitaa lilikuwa la wachache waliokuwa mijini na kwenye misheni. Vita ndivyo vilivyolisambaza. Jeshi la Uingereza liliunda kikosi cha burudani kwa ajili ya askari Waafrika, na ndani ya kikosi hicho vijana waliweza kushika ala ambazo wasingemudu kuzinunua uraiani. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, alipitia kikosi hicho na kufika hadi India na Burma. Baada ya vita akawa miongoni mwa wa kwanza nchini Kenya kupiga gitaa la umeme. Wengine waliorejea walirudi wakiwa wamejifunza nyimbo za Kikuba na za Kizungu, na baadhi yao wakaunda bendi zilizopita mji hadi mji.

Katika miji ya migodi ya Katanga hali ilikuwa tofauti kidogo. Huko kulikuwa na mshahara wa kila mwezi, na karani aliyejinyima aliweza kununua gitaa kavu. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, ndiye mfano mkubwa. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa, akamrekodi mwaka 1952. Kipande cha gitaa tupu kiitwacho "Masanga" kilitoka katika kazi hiyo. Santuri zake zilienea, na kwa kuwa nyimbo zake nyingi zilikuwa za Kiswahili cha Katanga, wasikilizaji wa Kenya na Tanganyika hawakuhitaji mkalimani. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba lilishika besi, cha shahada kikabeba sauti ya juu, na msikilizaji asiyemwona aliweza kuapa kwamba ni magitaa mawili. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliotaka kupiga "kama Bosco" hawakuwa na mwalimu mwingine isipokuwa santuri. Aliyekuwa na santuri hiyo akakubali kuirudiarudia kwenye gramafoni, huku jirani akitafuta sauti moja moja kwenye nyuzi, alikuwa ametoa zawadi yenye thamani kubwa.

Gitaa lililopatikana kwa urahisi kidogo enzi hizo lilikuwa lile la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, lenye chapa ya Gallotone, ambalo midomo ya watu iliita galatoni. Lilikuwa gitaa dogo la bei nafuu, na bado wazee wa muziki Tanzania hulitaja jina hilo wanapozungumzia gitaa kavu la zamani. Halikuishia Afrika. Gitaa alilopiga John Lennon mwaka 1957 akiwa kijana wa Liverpool, kabla ya kuwapo kwa Beatles, lilikuwa Gallotone Champion lililoagizwa kwa posta, na karatasi iliyobandikwa ndani yake iliahidi kwamba mbao hazitapasuka. Kwa pwani yenye joto na unyevu ahadi hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwani gundi ya magitaa mengi ya bei ya chini huachia, daraja likang'oka na shingo ikapinda.

Asiyepata hata galatoni alijitengenezea. Debe la mafuta likawa tumbo, ubao ukawa shingo, na nyuzi zikatoka kwenye waya wa breki za baiskeli uliosokotolewa ukatoa nyaya nyembamba, au kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Gitaa la debe halikudumu na tuni yake, lakini lilimfunza mtoto mambo mawili ambayo hayahitaji mbao nzuri, yaani mwendo wa mkono wa kulia na uvumilivu. Muhimu zaidi, lilionyesha watu wazima kwamba mtoto huyu hatanii. Magitaa mengi ya kweli yalitolewa na mjomba, kaka au jirani aliyekwisha kuliona lile la debe.

Kisa cha Franco Luambo Makiadi ndicho kinachoeleza vizuri zaidi safari hiyo. Alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938, akakulia Léopoldville, ambako mama yake aliuza maandazi sokoni. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa kopo na nyaya za umeme zilizochunwa, akawa anapiga kando ya meza ya mama yake na kuvuta wateja. Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon, akamfundisha kwenye gitaa halisi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alipelekwa studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya Mgiriki Basile Papadimitriou, akafunga mkataba na kukabidhiwa gitaa la kisasa. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya OK Jazz.

Gitaa hilo la Loningisa lilikuwa zawadi na kifungo kwa pamoja. Léopoldville ya wakati huo ilikuwa na studio kadhaa zilizoshindana: Ngoma ya Nico Jeronimidis iliyoanza 1948, Opika ya ndugu Benatar, Loningisa, na CEFA, ambako mpiga gitaa Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme mwaka 1953. Wenye studio walijua kwamba kijana asiye na ala atamfuata mwenye ala. Walinunua magitaa, wakayaweka studio, na mpigaji akalipwa kwa wimbo. Hakuna haja ya kuwaonea kijicho wala kuwatukuza wafanyabiashara hao. Bila magitaa yao santuri nyingi bora za Kongo zisingekuwapo. Ila mpigaji aliyetoka studio moja kwenda nyingine mara nyingi alitoka mikono mitupu.

Afrika Mashariki ilipata suluhisho lake mapema, nalo lilikuwa la kujivunia. Klabu za dansi za mijini, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya mwaka 1944, zilikuwa vyama kabla hazijawa bendi. Wanachama, wapigaji na mashabiki kwa pamoja, walichanga, na mchango huo ukanunua vyombo. Gitaa lililonunuliwa hivyo lilikuwa zawadi ya mtaa mzima kwa mpigaji wake, na mpigaji alijua nani anamdai wimbo mzuri. Ada zilikuwa ndogo na mafundi walikuwa wachache, lakini hakuna utaratibu mwingine katika historia hii uliomweka mwanamuziki karibu hivyo na wasikilizaji wake.

Nairobi ilifuata njia ya studio. Kampuni ya Equator Sound, iliyoanza miaka ya 1960, ilikuwa na bendi yake ya ndani iliyowakusanya akina Fadhili William na Daudi Kabaka pamoja na wapigaji kutoka Zambia kama Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kazi ilikuwa kurekodi, na ala zilikuwa kazini.

Baada ya uhuru, Tanzania ilichukua njia ambayo haikuonekana kwa kiwango hicho nchi jirani. Vyama, mashirika ya umma na majeshi yalianza kumiliki bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ilibadili jina kadiri chama kilivyobadilika, ikawa JUWATA na kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Jeshi la polisi lilikuwa na Polisi Jazz, vijana wa chama tawala, TANU, wakawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, na bima ya taifa ikawa na Bima Lee. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa mwanzoni mali ya kampuni ya teksi na usafiri, kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, mwaka 1983. Mpiga gitaa aliajiriwa kama karani au dereva. Alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi na gitaa la umeme ambalo asingeweza kulinunua kwa akiba ya miaka.

Hiyo ilikuwa heshima kubwa, na waliopita humo huisimulia kwa fahari. Hata hivyo gitaa lilikuwa la mwajiri. Baada ya dansi liliwekwa kwenye kasha, kasha likafungiwa stoo, na funguo zikabaki kwa mtunza vyombo. Mpiga solo aliyeota ufundi mpya usiku hakuwa na pa kuujaribia mpaka siku ya mazoezi. Aliyeacha kazi aliacha na sauti yake, kwa sababu amplifaya na gitaa alilolizoea vilibaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Uganda na uhaba wa fedha za kigeni, vyombo vipya viliadimika nchini, na mwenye seti kamili akawa na nguvu kuliko mwenye kipaji. Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliweza mwaka 1985 kuwavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo. Bendi ya Matimila, ambayo mwimbaji Remmy Ongala aliipa umaarufu hadi Ulaya, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Mashairi na magitaa yalitoka kwa wengine, lakini jina la mwenye vyombo ndilo lililopigwa rangi kwenye mabango.

Wakati huo huo, ile desturi ya zamani iliendelea ukumbini. Mpiga solo anapoingia sehemu ya chemko, pale wimbo unapochangamka, mtu hutoka kwenye kundi la wachezaji akiwa ameshika noti kati ya vidole viwili, ili ionekane. Hamkabidhi mpigaji mkononi, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Huibandika kwenye paji lake la uso lililolowa jasho, au huichomeka mfukoni mwa shati. Mpigaji hutikisa kichwa kidogo bila kukosea pigo, na mara nyingi hurefusha kipande hicho kwa mizunguko kadhaa kwa ajili ya aliyemtunza. Mgawanyo wa fedha hizo ulikuwa chanzo cha ugomvi wa kudumu katika bendi. Mwimbaji aliye mbele hutunzwa zaidi, mpiga rizimu na mpiga besi walio nyuma husahaulika, ingawa bila wao solo haina pa kukanyaga. Bendi nyingine ziliamua tuzo zote ziwekwe pamoja na kugawanywa, nyingine zikaacha kila mtu achukue chake. Haki ilikuwa upande wa zile za kwanza. Kongo, tuzo ilihamia ndani ya wimbo wenyewe: tajiri hulipa ili jina lake litajwe kwenye rekodi, desturi inayoitwa mabanga.

Zawadi iliyodharauliwa zaidi na iliyookoa dansi nyingi zaidi ni nyuzi. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na hazichakai sawasawa. Wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, hukatika mara nyingi, hasa kwa mpiga solo anayekaa juu ya shingo usiku kucha. Pwani, jasho na hewa ya chumvi hula chuma haraka. Ndiyo maana maduka ya miji mikubwa yameuza nyuzi moja moja, si pakiti tu, na mpigaji aliyekuwa akienda kutumbuiza mikoani aliomba apewe za kwanza na za pili kuliko kitu kingine. Kwa wapigaji wa mtindo wa Kikongo kuna hitaji la ziada. Anayepiga mi-solo, gitaa linalokaa kati ya rizimu na solo, hutoa uzi wa nne na kuweka mwembamba uliokazwa hadi sauti ya juu yake kwa oktavu moja, ndiyo maana gitaa hilo hung'aa bila kuzama kwenye besi. Pakiti moja haimtoshi mtu huyo. Anahitaji uzi mwembamba mmoja zaidi, na rafiki anayelijua hilo huonyesha kwamba amesikiliza kweli.

Uhaba ulizaa ufundi. Uzi uliokatika karibu na daraja haukutupwa. Kijiduara cha shaba kilichoko mwisho wake kilifungwa upya kwenye ncha, ukarudi kazini ukiwa mfupi kidogo. Nyuzi za besi, zilizo nene na ghali, zilichemshwa kwenye sufuria ili mafuta na uchafu wa vidole vitoke, na sauti ikarudi kwa siku chache. Badala ya kapo ya dukani, penseli ililazwa juu ya shingo ikafungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, na gitaa likapanda hadi ufunguo wa mwimbaji. Wapiga gitaa kavu wa magharibi mwa Kenya, katika mtindo wa omutibo ulioenezwa na George Mukabi, waliongeza chupa ya soda iliyogongwa kwa kijiti au msumari, na bendi ikawa imetimia kwa watu wawili.

Tangu miaka ya 1990 mambo yamegeuka. Biashara ilipolegezwa, kibodi ziliingia, na vijana wa bongo fleva wakarekodi bila kuhitaji mpiga gitaa. Bendi za mashirika nyingi zilikufa au kubaki na majina. Gitaa halikupotea, lilihamia makanisani. Kwaya za mijini na vijijini zimekuwa shule kubwa ya gitaa ya kizazi hiki, na vyombo vyao mara nyingi hutokana na harambee za waumini, yaani ule mchango wa klabu za zamani umerudi kwa jina jingine. Zanzibar, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2002 kinafundisha gitaa pamoja na udi na kanuni. Magitaa ya bei ya chini kutoka China yamejaa madukani Kariakoo na katikati ya Nairobi, na mzazi wa kipato cha kawaida anaweza sasa kumnunulia mtoto gitaa kavu, jambo ambalo babu yake hakulimudu.

Urahisi huo umeleta makosa mapya ya kutoa zawadi. La kawaida zaidi ni kuchanganya nyuzi. Gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lina mbao nyembamba na daraja lililogundishwa kwa mvuto mdogo. Likivishwa nyuzi za chuma, zinazovuta kwa nguvu kubwa zaidi, tumbo huvimba na daraja hung'oka, wakati mwingine ndani ya wiki chache. Kosa jingine ni gitaa la umeme lisilo na amplifaya, ambalo humwacha mpokeaji na ubao unaosikika kwa shida. La tatu ni kumnunulia mtoto wa miaka minane gitaa la mtu mzima ambalo mkono wake hauzunguki shingoni, ingawa yapo ya nusu na ya robo tatu.

Anayetaka kumpa zawadi mpiga gitaa, basi, na aulize kwanza ni gitaa gani: kavu la nailoni, kavu la chuma, la umeme au besi. Akishajua hilo, pakiti mbili za nyuzi zinazofaa, pamoja na nyembamba za akiba, hazijawahi kukataliwa na mpigaji yeyote. Mwenye uwezo wa kununua gitaa zima na alinunue, alikabidhi mkononi mwa mpigaji mwenyewe mbele ya mashahidi, na aseme wazi kwamba ni lake, wala si la bendi, la kwaya au la mwenye ukumbi.